Hakimiliki Mbele ya Mahakama: Njia ya Madai na Njia ya Jinai katika Kuzilinda Kazi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Watunzi wengi wa kale wa tenzi za Kiswahili walikuwa na desturi ya kujitambulisha kabla ya kuweka kalamu chini. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utendi mashuhuri, ameacha ndani ya utendi huo jina lake, mahali alipozaliwa, yaani Pate, na mwaka wa Hijra 1275, ambao ni 1858 Miladia. Wataalamu wa ushairi wameieleza desturi hiyo kuwa ni kipengele cha muundo wa utenzi. Inaweza pia kuelezwa kuwa ni dai: kazi hii ni ya fulani, na ilikamilika wakati fulani. Dai hilo lilitegemea heshima ya jamii ya wasomaji na wakariri, kwa kuwa hapakuwa na mahakama ya kulisikiliza.

Leo mahakama ipo, na sheria ipo. Hata hivyo, kuwapo kwa sheria hakumaanishi kwamba haki ya mtunzi inajilinda yenyewe. Sheria za hakimiliki zinazotumika Afrika Mashariki humpa mwenye kazi njia mbili za kuitetea: njia ya madai na njia ya jinai. Njia hizi hufanana kwa mbali tu. Hutofautiana katika anayefungua shauri, kiwango cha ushahidi, na matokeo yanayotarajiwa. Mwandishi asiyezipambanua anaweza kwenda polisi akitaraji kulipwa, au kumdai fidia mchuuzi ambaye hana mali ya kulipia hata gharama za shauri.

Mhadhara huu unakusudia kueleza njia hizo mbili, uwezo wa kila moja na upungufu wake. Hoja yake kuu ni kwamba njia ya jinai huzuia na kuadhibu lakini hailishi. Njia ya madai hulipa lakini hudai ushahidi. Na ushahidi huo hutengenezwa siku kazi inapoandikwa na siku mkataba unapotiwa saini, wala si siku ugomvi unapofika mahakamani.

2.0 Baadhi ya Istilahi

Istilahi hakimiliki imeundwa kwa kuunganisha maneno mawili yenye asili ya Kiarabu, haki na miliki. Muundo wake unamwelekeza msikilizaji kwenye umiliki wa mali. Kwa hiyo si ajabu kwamba katika mazungumzo ya kawaida mtu anayechapa kitabu cha mwingine bila idhini huitwa mwizi, na kitendo chake huitwa wizi. Neno uharamia nalo, lililotumiwa tangu zamani kwa wanyang'anyi wa baharini, limepanuliwa maana na sasa hutumika kwa uzalishaji wa nakala zisizo halali.

Lugha hiyo ina nguvu ya kuhamasisha, lakini kisheria inaweza kupotosha. Katika wizi wa kawaida, kitu huondoka mikononi mwa mwenyewe: aliyeibiwa ng'ombe hana ng'ombe. Aliyenakiliwa kitabu bado anacho kitabu chake na mswada wake. Kilichovunjwa ni uwezo wake wa pekee wa kuamua nani achape, auze, atafsiri, aigize au atangaze kazi hiyo. Mahakama ya Juu ya Marekani ililieleza suala hili mwaka 1985 katika shauri la Dowling, lililohusu santuri za Elvis Presley zilizotengenezwa bila idhini: ilikataa kuuchukulia uvunjaji wa hakimiliki kuwa sawasawa na wizi wa bidhaa. Ndiyo maana sheria husema kuvunja au kukiuka hakimiliki, na huweka makosa yake maalumu badala ya kutegemea vifungu vya wizi vya kanuni ya adhabu.

Istilahi nyingine tatu zinahitaji kutajwa. Haki za kiuchumi ni zile zinazomwezesha mtunzi kupata kipato, na malipo anayopata kila kazi inapotumiwa huitwa mirabaha. Haki za kimaadili ni haki ya kutajwa kuwa mtunzi na haki ya kuzuia kazi isipotoshwe kwa namna inayomvunjia mtunzi heshima. Hakishiriki ni haki za wale wanaoifikisha kazi kwa hadhira, kama vile waimbaji, watengenezaji wa rekodi na watangazaji. Wimbo mmoja unaweza kubeba haki za mtunzi, mwimbaji na mtengenezaji wa rekodi kwa wakati mmoja, na kila mmoja akawa na dai lake.

3.0 Sheria Zilikotoka

Sheria inayotajwa sana kuwa chimbuko la hakimiliki ya kisasa ni ile ya Uingereza ya mwaka 1710, inayojulikana kwa jina la Malkia Anne, ambayo iliwapa waandishi wa vitabu vipya ulinzi wa miaka 14. Mkataba wa Berne, ambao chimbuko lake ni mwaka 1886, una misingi ya kimataifa. Misingi miwili kati ya hiyo ina uzito mkubwa kwa mada hii: kwanza, ulinzi hautegemei usajili wala utaratibu mwingine wowote, pili, mtu ambaye jina lake limeonyeshwa kwenye kazi kwa namna ya kawaida huchukuliwa kuwa ndiye mtunzi, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993, na Tanzania mwaka 1994.

Kabla ya uhuru, sheria iliyotawala katika himaya ya Uingereza, Kenya na Tanganyika zikiwamo, ni Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1911. Nchi hizi mbili zilitunga sheria zao mwaka 1966. Tanzania ilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyounda chombo kinachojulikana kwa kifupi kama COSOTA. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2001, ikaanza kutumika mwaka 2003, na ikaunda Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Katika nchi zote mbili, kazi ya fasihi hulindwa katika uhai wa mtunzi na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa kazi za Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, ulifikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2012.

4.0 Njia ya Madai

4.1 Mdai na nafuu anazoomba

Katika njia ya madai, mwenye haki mwenyewe ndiye anayefungua shauri. Huitwa mdai, na anayeshtakiwa huitwa mdaiwa. Serikali haimo katika ugomvi huo. Mdai hulazimika kuthibitisha mambo matatu: kwamba kazi ipo na inalindwa na sheria, kwamba yeye ndiye mwenye haki inayodaiwa, na kwamba mdaiwa ameitumia kazi hiyo, au sehemu yake kubwa, bila idhini. Kiwango cha uthibitisho si kigumu mno: inatosha kuonyesha kwamba madai yake yaelekea kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli.

Akifaulu, mahakama inaweza kumpa nafuu za aina mbalimbali. Ya kwanza ni amri ya zuio, inayomkataza mdaiwa kuendelea na kitendo chake. Zuio linaweza kutolewa kwa muda hata kabla ya shauri kusikilizwa kikamilifu, na kwa mchapishaji wa kitabu cha shule amri hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko fedha, kwa sababu msimu wa mauzo ukishapita hasara haifidiki kwa urahisi. Ya pili ni fidia. Sheria ya Tanzania ya 1999 inaruhusu fidia hiyo izingatie pia faida ambayo mvunjaji ameipata kutokana na uvunjaji. Ya tatu ni kukabidhiwa au kuharibiwa kwa nakala zisizo halali pamoja na vifaa vilivyozitengeneza.

Ugumu wa fidia ni hesabu. Mwandishi atajuaje ni nakala ngapi zimeuzwa kwa siri? Sheria ya Kenya imejaribu kulitatua tatizo hili kwa kumruhusu mdai aombe, badala ya fidia ya hasara, kiasi ambacho kingekuwa mrabaha wa haki kama mdaiwa angeomba idhini. Aidha, mahakama za Uingereza zilianza katika miaka ya 1970 kutoa amri ya upekuzi bila mdaiwa kujulishwa mapema, ili asipate nafasi ya kuficha nakala na daftari za mauzo. Amri hiyo, inayojulikana kwa jina la Anton Piller kutokana na shauri lililoiasisi, imeingizwa pia katika sheria ya Kenya. Amri hii ni kali, na kwa hiyo mahakama hudai sababu nzito kabla ya kuitoa.

4.2 Shauri la Solomon Linda

Hakuna shauri la Kiafrika linaloeleza nguvu na gharama ya njia ya madai vizuri kuliko lile la Solomon Linda wa Afrika Kusini. Linda alizaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, miaka ileile aliyozaliwa na kufariki Shaaban Robert. Mwaka 1939, akiwa na kundi lake la Original Evening Birds, alirekodi wimbo wa Kizulu "Mbube" katika studio ya kampuni ya Gallo mjini Johannesburg. Haki za wimbo huo aliziuza kwa shilingi 10.

Wimbo ukavuka bahari. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 kundi la Weavers la Marekani liliurekodi kwa jina la "Wimoweh". Mwaka 1961 kundi la Tokens likauimba kwa maneno ya Kiingereza na jina jipya, "The Lion Sleeps Tonight". Na mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya Disney, The Lion King. Linda alifariki akiwa maskini, na familia yake iliendelea kuishi Soweto katika dhiki. Mwaka 2000 mwandishi wa habari Rian Malan alichapisha uchunguzi uliokadiria kwamba wimbo huo ulikuwa umeingiza dola za Marekani milioni 15.

Kwa mtazamo wa haraka, familia haikuwa na kesi: Linda mwenyewe alikuwa ameuza. Lakini wanasheria, wakiongozwa na Owen Dean, walirejea katika Sheria ya 1911, iliyokuwa ikitumika Afrika Kusini wakati wimbo ulipotungwa. Sheria hiyo ilikuwa na sharti lililosahaulika na wengi: uhamisho wa hakimiliki uliofanywa na mtunzi wa kwanza katika uhai wake haukuwa na nguvu baada ya miaka 25 tangu kifo chake, baada ya hapo haki ilirudi katika mirathi yake. Kwa Linda, mwaka huo ulikuwa 1987. Filamu ilitoka mwaka 1994.

Mwaka 2004 msimamizi wa mirathi alifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Pretoria. Kwa kuwa Disney ilikuwa kampuni ya kigeni, mahakama ilitoa amri ya kuzishikilia alama zake za biashara zilizosajiliwa Afrika Kusini ili iwe na mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Mwezi Februari 2006, kabla ya kusikilizwa, shauri lilimalizwa kwa mapatano. Linda alitambuliwa kuwa mtunzi mshiriki wa "The Lion Sleeps Tonight", na warithi wake wakapata malipo kwa matumizi yaliyopita na ya baadaye.

Shauri hili lina mafunzo matatu. Kwanza, haki iliyouzwa kwa bei ya kutupa haikupotea kabisa, kwa kuwa sheria ilikuwa imemwekea mtunzi kinga asiyoijua. Pili, aliyedaiwa alikuwa na mali ndani ya nchi ambayo mahakama iliweza kuishika. Pasipo mali hiyo, hukumu ingekuwa karatasi tupu. Tatu, palihitajika mawakili waliobobea, wafadhili wa shauri na uchunguzi wa miaka mingi. Mtunzi wa kawaida hana nyenzo hizo, na sharti lililoiokoa familia ya Linda halimo katika sheria zilizofuata.

5.0 Njia ya Jinai

5.1 Kwa nini jinai?

Ikiwa njia ya madai hulipa, kwa nini sheria iongeze jela? Historia ya Uingereza inatoa jibu la wazi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mitaa ya London ilijaa wachuuzi wa karatasi za muziki zilizochapwa bila idhini na kuuzwa kwa bei ndogo sana. Wachapishaji waliweza kumshtaki mchuuzi kwa njia ya madai, lakini mchuuzi hakuwa na anwani ya kudumu wala mali ya kulipia. Sheria ya mwaka 1902 iliwapa polisi uwezo wa kuzikamata karatasi hizo mitaani. Haikutosha, kwa kuwa kesho yake mchuuzi alirudi na mzigo mwingine. Sheria ya mwaka 1906 ndiyo iliyokifanya kitendo chenyewe cha kuchapa na kuuza karatasi hizo kuwa kosa la jinai.

Msomaji anayezifahamu Kariakoo ya Dar es Salaam na River Road ya Nairobi katika enzi za kaseti na santuri za kompyuta hatashangazwa na simulizi hiyo. Mantiki ni ileile: pale ambapo mvunjaji hana cha kulipa, fidia haimtishi, kinachoweza kumtisha ni kukamatwa kwa bidhaa na kupoteza uhuru. Mantiki hiyo imeingia katika sheria ya kimataifa. Mkataba wa mwaka 1994 wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, katika ibara ya 61, unazitaka nchi wanachama ziweke taratibu za jinai angalau kwa uharamia wa makusudi unaofanywa kwa kiwango cha kibiashara.

5.2 Makosa na adhabu

Sheria ya Tanzania ya 1999 iliweka, katika kifungu cha 42, faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa kosa la kwanza lililofanywa kibiashara. Na faini isiyozidi shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miaka 5 kwa anayerudia. Mwaka 2019 Bunge lilikirekebisha kifungu hicho na kuongeza adhabu. Sheria ya Kenya ya 2001, katika kifungu cha 38, iliweka faini isiyozidi shilingi za Kenya 400,000 au kifungo kisichozidi miaka 10 kwa makosa mazito kama kutengeneza nakala za kuuza. Sheria hizo pia ziliwapa wakaguzi uwezo wa kuingia madukani na kushika nakala zinazotiliwa shaka.

Nguvu hizo za ukaguzi zilisaidiwa na alama za kuonekana kwa macho. Tanzania, kwa mfano, ilianza mwaka 2013 kutumia stempu za kodi kwenye bidhaa za filamu na muziki, ili polisi na mkaguzi waweze kutambua nakala isiyo halali hata kama hawajui lolote kuhusu muziki wenyewe. Alama hizo, hata hivyo, zilibuniwa kwa ajili ya kitu kinachoshikika. Kazi zilipohamia kwenye simu na intaneti, hapakuwa tena na kifuniko cha kubandika stempu. Kenya ililijibu tatizo hilo mwaka 2019 kwa kuingiza katika sheria yake utaratibu wa kumtaka mtoa huduma za intaneti aondoe kazi iliyowekwa bila idhini baada ya kupewa taarifa na mwenye haki.

5.3 Upungufu wa njia ya jinai

Katika njia ya jinai, mtunzi si mwenye kesi. Kesi ni ya Jamhuri, naye ni mlalamikaji na shahidi. Mwendesha mashtaka ndiye anayeamua kama ushahidi unatosha na kama shauri liendelee. Kosa lazima lithibitishwe pasipo kuacha shaka ya maana, na kwa makosa mengi lazima ionekane kwamba mshtakiwa alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, kwamba nakala zile si halali. Faini ikitozwa, huingia katika hazina ya Serikali. Mtunzi hutoka mahakamani akiwa ameshinda, lakini mfuko wake uko vilevile.

Upungufu mwingine ni kwamba mkono wa jinai humfikia kwa urahisi aliye wazi zaidi. Mchuuzi anayetembeza nakala kumi begani hukamatwa. Mwenye mtambo wa kuzalisha nakala elfu kumi hujificha nyuma yake. Pasipo uchunguzi unaofuata mnyororo wa usambazaji hadi chanzo, adhabu humwangukia maskini mmoja kwa ajili ya maskini mwingine, na biashara yenyewe hubaki palepale.

Hata hivyo, njia hizi mbili si mahasimu. Hakuna kinachomzuia mtunzi kufungua madai baada ya mshtakiwa kutiwa hatiani. Tena, sheria za ushahidi za Tanzania na Kenya zinasema kwamba hukumu ya mwisho ya kumtia mtu hatiani ni uthibitisho tosha, katika shauri la madai, kwamba alilitenda kosa hilo. Kwa hiyo kesi ya jinai iliyoendeshwa vizuri humpunguzia mdai nusu ya safari: kinachobaki kubishaniwa ni kiasi cha fidia.

6.0 Ushahidi: Kiini cha Njia Zote

Ilielezwa hapo juu kwamba Mkataba wa Berne hautaki usajili. Watunzi wengine huichukulia kanuni hiyo kuwa ruhusa ya kutoweka kumbukumbu. Huko ni kuchanganya mambo mawili: kuwa na haki, na kuweza kuithibitisha. Haki huzaliwa pamoja na kazi, lakini mahakama husikiliza ushahidi.

Mfano wa wimbo "Malaika" unatosha. Ni miongoni mwa nyimbo za Kiswahili zilizosikika sana duniani. Umeimbwa na Miriam Makeba, na Boney M wakaurekodi. Hata hivyo, nani aliyeutunga ni suala ambalo limebishaniwa kwa miongo kadhaa: Fadhili William, Mkenya aliyeurekodi na kujulikana nao, alidai ni wake; wengine wamemtaja Adam Salim, Mtanzania; na wadai hawakuishia hapo. Umaarufu wa kazi si ushahidi wa utunzi wake. Kumbukumbu ya aliyesikia wimbo ukiimbwa zamani inaweza kuwa ya kweli, lakini hupungua nguvu kadiri mashahidi wanavyozeeka na kufariki.

Kwa mwandishi wa Kiswahili, ushahidi unaofaa ni wa kawaida kabisa: miswada ya hatua mbalimbali yenye tarehe, barua alizoandikiana na mhariri, risiti za malipo, taarifa za mauzo kutoka kwa mchapishaji, na zaidi ya yote mkataba. Mkataba ndio unaoonyesha kama mwandishi alihamisha hakimiliki yote au alitoa leseni tu. Kama alitoa haki ya kuchapa peke yake, au pia haki ya kutafsiri, kuigiza na kusambaza kwa intaneti. Na kwa muda gani. Aliyehamisha haki yote hana tena nguvu ya kudai fidia za kiuchumi, hata kama jina lake liko jaladani. Usajili wa hiari, ambao Ofisi ya Hakimiliki Tanzania na Bodi ya Kenya huutoa, hauumbi haki. Kazi yake ni kuongeza ushahidi wa tarehe na wa utunzi.

7.0 Mipaka ya Haki na Nafasi ya Wataalamu wa Kiswahili

Kwenda mahakamani si kushinda. Shauri la madai hupima pia mahali haki inapokomea, na chuo kikuu ni mahali pazuri pa kulitafakari hilo, kwa kuwa wanafunzi na walimu ni watunzi na vilevile ni watumiaji wakubwa wa nakala. Mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa, Oxford University Press, Cambridge University Press na Taylor & Francis, walilishtaki duka la kunakili lililokuwa katika eneo la Chuo Kikuu cha Delhi, pamoja na chuo chenyewe, kwa kuwatengenezea wanafunzi mikusanyo ya sura za vitabu. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ilitupilia mbali madai hayo kwa kuzingatia kifungu cha sheria ya India kinachoruhusu kunakili katika ufundishaji. Benchi la rufaa lilikubali msingi huo mwezi Desemba, ingawa lilirudisha baadhi ya masuala ya ushahidi yasikilizwe. Wachapishaji wakaliondoa shauri mwaka 2017.

Sheria za Tanzania na Kenya nazo zina vighairi kwa ajili ya kunukuu, kufundisha na kufanya utafiti, lakini kila sheria ina maneno na masharti yake, na hukumu ya Delhi haiwezi kuhamishwa ilivyo. Kunakili kitabu kizima cha riwaya kinachopatikana dukani si sawa na kunakili kurasa chache kwa ajili ya semina. Aidha, anayedhurika kwa kitendo cha kwanza mara nyingi ni mchapishaji mdogo wa vitabu vya Kiswahili, ambaye soko lake lote ni madarasa hayohayo.

Mpaka mwingine unahusu kile hasa kinacholindwa. Hakimiliki hulinda usemi wa wazo, wala si wazo lenyewe. Umbo la utenzi, lenye mishororo minne na mizani minane, si mali ya mtu. Methali, ngano za sungura na fisi, na bahari za ushairi ni urithi wa wote. Kwa hiyo, mshairi anayemlalamikia mwenzake kwa kutumia vina vilevile au dhamira ileile hana kesi. Anayeonyesha kwamba beti zake zimechukuliwa na kubadilishwa maneno mawili matatu anayo. Kati ya mifano hiyo miwili kuna eneo pana la mashaka.

Hapo ndipo elimu ya Kiswahili inapoingia mahakamani. Hakimu akiwekewa mbele riwaya mbili zinazodaiwa kufanana, atahitaji shahidi mtaalamu wa kumweleza ni kufanana kupi kunatokana na jadi ya pamoja na kupi kunatokana na kunakili. Mbinu za ulinganishi wa matini, uhakiki wa miswada na uchambuzi wa mtindo, zinazofundishwa kama taaluma za darasani, zinaweza kuamua hatima ya kipato cha mtu.

8.0 Lugha ya Sheria

Kwa miongo mingi mwandishi wa Kiswahili alitetea kazi yake katika lugha nyingine. Sheria ya 1999 ilitungwa kwa Kiingereza. Mikataba mingi ya uchapishaji iliandikwa kwa Kiingereza. Na nchini Tanzania ni Mahakama ya Mwanzo tu iliyoendesha kazi zake kwa Kiswahili kama kawaida. Mwaka 2021 Tanzania ilipitisha marekebisho, kwa Sheria Na. 1 ya mwaka huo, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, huku yakibakiza nafasi ya Kiingereza pale inapolazimu. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na inaitaka Serikali ikuze na kulinda haki za ubunifu za wananchi.

Mabadiliko hayo hayakamiliki kwa tangazo. Yanadai istilahi zilizokubaliwa. Pasipo makubaliano kuhusu tofauti kati ya kuhamisha hakimiliki na kutoa leseni, kati ya fidia na mrabaha, au kati ya mtunzi na mmiliki, mkataba wa Kiswahili unaweza kuwa na utata kuliko ule wa Kiingereza ambao mwandishi hakuuelewa. Neno moja lisilo thabiti katika kifungu cha mkataba laweza kumpoteza mtu kazi ya maisha yake.

9.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeeleza kwamba njia ya madai na njia ya jinai zina makusudi tofauti. Ya kwanza humrudishia mtunzi kilicho chake, ikiwa mdaiwa ana mali na mdai ana ushahidi. Ya pili huwazuia wale ambao fidia haiwatishi, lakini haimlipi mtunzi na mara nyingi huishia kwa mchuuzi wa mwisho. Uchaguzi kati ya njia hizo, au uamuzi wa kuzitumia zote, hutegemea ni nani aliyevunja haki, kwa kiwango gani, na nini mtunzi anakihitaji zaidi: zuio, malipo, au kutajwa.

Kazi inayobakia ni ya watu wengi. Wanasheria wana wajibu wa kuziweka sheria hizi katika Kiswahili kinachoeleweka. Wachapishaji wana wajibu wa kutoa mikataba inayosomeka na taarifa za mauzo zinazoaminika. Idara za Kiswahili zinaweza kufundisha usomaji wa mkataba kama zinavyofundisha usomaji wa shairi, na kuandaa orodha ya istilahi za hakimiliki zitakazotumiwa na mahakama. Mwanafunzi anayeandika diwani yake ya kwanza naye ana kazi yake, iliyo ndogo kuliko zote na isiyoweza kufanywa na mwingine: aweke tarehe kwenye mswada, ahifadhi nakala, na asitie saini asichokisoma.